Kiganja cha Arlis Combs

Injini iliwaka mara moja, ikanguruma hadi makopo ya rangi yakagongana rafuni, lakini gari halikusogea hata inchi. Delphia Combs akavuta gia nyuma, akaipeleka mbele, akakanyaga mafuta. Wapi! Ile Oldsmobile ya mwaka sabini, ya milango miwili na boneti pana kama meza ya harusi, ilibaki palepale bandani ikitoa moshi. Mama wa watu, miaka sitini na tisa, akaweka paji la uso juu ya usukani, akalia.

"Mama, si nilikwambia?" Binti yake Rhonda alikuwa mlangoni, amekunja mikono. "Gari halijatoka tangu baba apooze. Giaboksi imekufa. Jumatatu nyumba ya wazee wanaleta gari lao lenye lifti, baba anapandishwa na kiti chake, kwisha."

"Kama gunia la viazi."

"Mama, jamani!"

"Kama ni kwenda, ataenda. Sijakataa. Lakini ataingia pale na gari lake, amekaa mbele, watu wamwone kwamba naye ni mtu."

"Watamwona, sawa. Ila yeye mwenyewe hatajua. Hata ungempeleka kwa toroli, hatajua tofauti."

Na huyo yeye mwenyewe alikuwa hatua tatu kutoka kwao, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, na hakuna aliyegeuka kumtazama.

Kiharusi kilimpiga Arlis, mume wa Delphia, mwezi wa Februari, kikachukua upande wote wa kulia pamoja na ulimi. Aprili hospitali ikamtuma mama mmoja na kadi za picha. Nionyeshe mbwa, babu. Nionyeshe kikombe, babu. Arlis akatazama dirishani mpaka kadi zikaisha. Yule mama akaandika kwamba mgonjwa haelewi analoambiwa, na kuanzia hapo mtaalamu wa kumfundisha kutembea na kutamka hakuja tena, kwa kuwa bima humlipia anayeweza kufuata maelekezo. Delphia akabaki kumnyanyua peke yake, asubuhi na jioni, hadi mgongo wake ukagoma. Kwa hiyo msimwone Rhonda mtoto mbaya. Alikuwa ameona kwamba asipofanya kitu, atakuwa na wagonjwa wawili.

Fundi wa mjini alikuja Alhamisi. Akalala chini ya gari, akachovya kidole kwenye oili, akanusa, akakunja uso.

"Klachi zimeungua na sili zimekauka, mama. Hii tupa. Nitakufungia nyingine ya kisasa, ila wiki mbili zijazo."

"Mimi nataka Jumatatu."

"Jumatatu labda uisukume," alisema fundi, akacheka peke yake.

Tupa! Delphia na Arlis walikula kwa giaboksi hizo, wakajenga kwa giaboksi hizo, na Rhonda alisoma kwa giaboksi hizo hizo. Zilikuwa zinaundwa hapohapo mjini Ypsilanti, kiwanda kikiwa maili nne kutoka mlangoni kwao, kabla hakijafungwa. Delphia alisimama kwenye ule mstari miaka ishirini na sita, mumewe miaka thelathini. Fundi alipoondoka, mama akafunga kibwebwe, akampigia simu Thaddeus Bell, mtu aliyekuwa akisimama jirani naye kazini.

"Thaddeus, wewe umeshawahi kuunda giaboksi?"

"Shemeji, nimeunda zaidi ya milioni!"

"Nzima?"

"Nzima... hapana. Mimi nilikuwa naweka gia za katikati. Baada yangu sikujua inakwenda wapi. Mbinguni, labda."

"Mimi nilikuwa naweka sili tatu kwenye pistoni ya klachi. Basi."

"Na Bernadine alikuwa anaweka vile vigololi vya chuma."

"Bernadine Wojcik yu hai bado?"

"Yu hai? Yule atatuzika sote, shemeji, halafu alalamike kaburi halikuchimbwa vizuri."

Ijumaa Thaddeus alikuja na mkwewe na jeki, wakaishusha giaboksi, wakaifungua, wakaiosha kwa mafuta ya taa, wakanunua klachi na sili mpya. Jumamosi saa mbili asubuhi watu sita wakaingia bandani, wote wazee. Mmoja alitembelea fimbo, mwingine alivuta mtungi wake wa hewa kwenye kigari. Bernadine alibeba sufuria ya kabichi na soseji. Walikuwa wakisemezana kwa kelele kama watu wanaogombana, maana kila mmoja aliacha nusu ya masikio yake kiwandani.

Delphia alikuwa ametandika shuka safi juu ya meza ndefu, akapanga vyuma vyote, klachi mpya zikilowa kwenye beseni la oili. Hakuna aliyesema nani asimame wapi. Lakini alipogeuka kutoka kumwekea Arlis kiti chake karibu na hita, aliwakuta wameshajipanga ukutani mpaka mlangoni, kila mtu na nafasi yake ya kiwandani, aliyetangulia ametangulia na wa nyuma yuko nyuma. Walipojiona walivyosimama wakaanza kucheka, na mzee wa mtungi akafuta macho.

"Sekunde arobaini kila mtu!" Thaddeus akapiga kelele. "Wa kuchelewa anakatwa mshahara!"

"Mshahara gani, mwehu wewe," Bernadine akajibu. "Anza kazi."

Wakaanza, na hapo ndipo palipokuwa na maajabu. Maana watu hawa walikuwa wametumia ujana wao wote juu ya kitu kimoja bila kukiona. Kila mtu alijua kipande kilichomfikia mkononi na kipande alichoongeza yeye. Mengine yalikuwa uvumi. Sasa ganda la chuma lilikuwa limesimama wima katikati ya meza, na kila mmoja alipomaliza hakuondoka, alikaa akitazama kinachofuata. Thaddeus alizamisha gia zake za katikati, akazizungusha kwa kidole, zikazunguka pole pole moja ndani ya nyingine. Kisha mwenye fimbo akashusha kitu chake juu ya zile gia, kikaingia, kikakaa.

"Ala!" Thaddeus akasema. "Kumbe wewe ndiye unayenikalia kichwani!"

"Miaka yote hiyo," mwenye fimbo akajibu, "na mimi nilidhani nimekaa juu ya kitu cha maana."

Walicheka, lakini hata wakicheka walikuwa wanaongea kwa sauti ya chini kuliko walivyoingia. Delphia alitazama jinsi chuma kilivyopokea chuma, jinsi tundu lilivyokutana na tundu lililotobolewa na mtu mwingine upande mwingine wa jengo, akahisi nywele za mikono zikimsimama. Alikuwa ameinung'unikia kazi ile miaka ishirini na sita. Alikuwa ameiita kazi ya punda, na leo ndiyo kwanza alikuwa anaona ni kazi ya nini.

Zamu yake ilipofika, Thaddeus alimsukumia pistoni, kwani hata kiwandani yeye ndiye aliyekuwa akimletea. Ni sahani ya chuma inayosukumwa na oili ili ibane klachi, nayo huzibwa kwa sili, yaani mipira mitatu ya mviringo, kila mpira una mdomo mwembamba pembeni. Vidole vya Delphia vilikuwa na baridi yabisi, lakini vikaenda vyenyewe. Moja, mbili, tatu.

"Sekunde kumi na tisa!" Bernadine akashangaa. "Mwanamke huyu ni mchawi!"

"Mdomo unitazame mimi," Delphia akasema, akijikaza asionekane anajisifu. "Ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza, na sijawahi kukosea." Wakaiingiza pistoni ndani ya ngoma yake, kopo pana la chuma linaloshika klachi, ngoma ikashuka mahali pake, mzee wa mtungi akafunika juu kwa pampu ya oili, bolti zikakazwa.

Kilichobaki kabla ya vigololi vya Bernadine kilikuwa kupima. Watu wakatazamana. Nafasi hiyo ilikuwa ya Arlis.

Kiwandani alikaa kwenye chumba cha kioo, mlango umefungwa, kimya kama kanisa la siku za kazi, akipuliza upepo kwenye matundu ya giaboksi na kusikiliza klachi zikibana. Ikiwa nzima aliiacha ipite bila neno. Ikiwa na kasoro aliweka kiganja juu yake, na mstari wote ukasimama. Wasimamizi walifoka, wakatisha, wakabembeleza. Kile kiganja hakikuondoka mpaka kasoro ipatikane, na ilikuwa inapatikana. Wafanyakazi wengine walimchukia kwa hilo. Delphia alimpenda kwa hilo, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

"Nipe bomba la upepo," Thaddeus akasema hatimaye. "Nitajaribu mimi."

Akalenga tundu la kwanza, akabonyeza. *Dup.* Ndani ya kile chuma kitu kikabana. Tundu la pili. *Dup.* La tatu. *Dup.* Asubuhi vilikuwa vyuma kwenye shuka, na sasa vilikuwa vinajibu. Mwenye fimbo akavua kofia. Bernadine akajishika kifua, akanong'ona kitu kwa Kipolandi. Kisha wakasema wote pamoja, wakapigana mabegani, Thaddeus akamkumbatia Delphia hadi miguu yake ikaachana na sakafu.

Katikati ya kelele hizo kiti cha magurudumu kikasogea.

Arlis alikuwa anakisukuma kwa mguu wa kushoto, mguu mmoja tu, kiatu kikikwaruza sementi. Tangu Februari hakuwahi kujisogeza. Alikifikisha kiti mezani, akainua mkono wa kushoto, akaweka kiganja juu ya giaboksi.

"Lo, mtazame," Bernadine akasema, machozi yakimlenga. "Anaiaga."

Rhonda aliingia wakati huohuo na dawa za saa sita na bilauri ya maji. Akawaona wazee wamezunguka, akamwona baba yake. "Msimruhusu ashike mavyuma, atajikata. Hebu." Akashika kile kiganja akitaka kukiondoa. Hakikuondoka. Akavuta kwa mikono miwili. "Samahanini. Wakati mwingine anashika kitu tu basi, hajui anachofanya. Juzi alishika kitasa cha choo nusu saa. Daktari kasema ni kawaida ya watu wa hali yake."

Delphia hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anatazama vile vidole vilivyotanuka, gumba limekaa kando, kifundo kimekaza.

"Rhonda, mwache."

"Mama..."

"Nimesema mwache. Thaddeus, fungua."

"Nifungue nini?"

"Giaboksi. Ina kasoro."

Thaddeus akacheka, kisha akaona hapana mchezo. Akashusha sauti, na hilo ndilo lililomuuma Delphia, kwa kuwa aliishusha kama watu wanavyoshusha sauti mbele ya mfiwa. "Shemeji. Nimesikia kwa masikio yangu. Dup, dup, dup. Zote safi."

"Masikio yako yapi? Jana nilikuuliza utakula nini ukaniambia ni Ijumaa."

"Sawa, lakini tubomoe kazi ya asubuhi nzima kwa sababu mgonjwa kaweka mkono? Jumatatu yako hiyo itakukimbia. Hawa wazee wamechoka, muda hatuna. Nani atarudia?"

"Watu wanakucheka, mama," Rhonda akamnong'oneza. "Usijifanyie hivi. Unataka aelewe, najua. Sote tunataka. Lakini haelewi."

Ni kweli watu walikuwa wanatazama chini. Delphia aliona haya ikimpanda mpaka masikioni. Akajua kwamba wakifungua na kukuta kila kitu sawa, hatakuwa amepoteza gari la Jumatatu tu. Atakuwa amejua kwa hakika, mbele ya mashahidi, kwamba mumewe ameondoka na kuacha mwili. Kwa miezi minane alikuwa amelikwepa jibu hilo. Kutofungua kulikuwa rahisi zaidi.

Akapiga moyo konde, akachukua spana.

"Miaka thelathini," alisema, "hakuna meneja aliyekiondoa hicho kiganja. Kwangu mimi hakitaondolewa kwa nguvu." Akafungua bolti ya kwanza mwenyewe.

Bernadine ndiye aliyemfuata. "Sogea, utaharibu nyuzi za bolti," akasema, akachukua spana nyingine. Kisha wakaja wote, polepole, bila utani. Arlis alitoa kiganja pale tu pampu iliponyanyuliwa. Kila kipande kilichotoka kilipita mbele yake, naye alikitazama na kukiacha kipite. Ikatoka ngoma ya Delphia. Thaddeus alipotaka kuiweka kando, ule mkono wa kushoto ukainuka, kiganja kikatua juu yake.

Thaddeus akaipulizia upepo ile ngoma peke yake. *Dup.* Akainamisha sikio lake zima, akalikaribisha hadi likagusa chuma, akaganda. Rhonda, ambaye masikio yake hayakufanya kazi kiwandani, ndiye aliyesema.

"Inavuja. Kuna sauti ndogo. Ssss. Hamuisikii?"

Wakaitoa pistoni. Delphia akaishika, akaigeuza kwenye mwanga, akaona. Sili zote tatu zilikuwa zimekaa vizuri, zimenyooka, hazina hata mkunjo, na zote tatu zilikuwa zimegeuka. Mdomo ulipaswa kuelekea oili inakotoka, ili oili ikisukuma ipanue mpira na kujizibia njia yenyewe. Hizi zilikuwa zimeipa mgongo.

"Haiwezekani," alisema. "Mdomo umenitazama mimi. Nilihakikisha."

Thaddeus akaitazama ile pistoni, akamtazama yeye. "Shemeji, kiwandani nilikuwa nakuletea imelala kifudifudi. Leo nimekupa imelala chali."

Delphia akakaa juu ya ndoo. Ilikuwa kweli. Miaka ishirini na sita pistoni ilimjia imegeuzwa, na hakuwahi kujua kwamba imegeuzwa, kwa sababu hakuwahi kuona inakokwenda. Vidole vyake vilikuwa vimefanya leo kile kile vilichofanya zaidi ya mara milioni, bila kukosea hata kidogo, na ndiyo maana vikakosea.

"Tungefika taa za pili za barabarani," mwenye fimbo akasema polepole, "ikaunguza klachi mpya zote."

Wote walikuwa wamegeuka kumtazama mtu kwenye kiti cha magurudumu. Umbali wa futi kumi, katika kelele za wazee sita, kupitia chuma, alikuwa amesikia uvujaji ambao wao hawakuusikia wakiwa wameinamia. Na hakuishia kuusikia tu. Alijua ni kitu gani, alijua kiko wapi, alijua la kufanya. Delphia alihisi kama mtu aliyefungua mlango wa chumba alichodhani ni kitupu, akakuta taa inawaka na mwenyewe amekaa anasoma.

Akageuza zile sili moja baada ya nyingine. Ilimchukua robo saa. Wakarudisha ngoma, wakarudisha pampu, wakapuliza upepo. *Dup.* Arlis alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama kidogo. Kisha akageuza uso kutazama upande mwingine wa meza, kama anayesubiri inayofuata iletwe.

"Imepita," Thaddeus akasema. "Jamani, imepita."

Rhonda alikuwa bado ameshika bilauri. Akaiweka chini, akapiga magoti mbele ya kiti, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akamsemesha baba yake mwenyewe, badala ya kuwasemesha wengine juu ya kichwa chake.

"Baba. Unanielewa?"

Kichwa kikashuka, kikapanda. Kilichukua muda, lakini hakuna aliyeweza kukidhania kitu kingine.

"Tangu lini?"

"Muulize la ndiyo au hapana, binti," Thaddeus akamwambia taratibu.

"Tangu mwanzo?"

Ndiyo.

"Yote tuliyokuwa tunasema? Hapo mezani, mbele yako? Habari za nepi, na... na suti ya kuzikia?"

Ndiyo.

Rhonda akajishika mdomo. "Sasa yule mama wa picha! Baba, mbona hukumwonyesha mbwa?"

Upande wa kushoto wa uso wa Arlis ukakunjika kwa dharau ambayo mameneja wanne waliifahamu vizuri. Bernadine akapasuka kicheko. "Mtu mzima na akili zake aulizwe mbwa yuko wapi! Hata mimi ningetazama dirisha!" Wakacheka wote, kicheko cha watu waliokuwa wanakaribia kulia, na mzee wa mtungi ikabidi afunguliwe hewa zaidi.

Delphia hakucheka. Alikuwa amekumbuka Julai, yeye kwenye sinki anaosha vyombo, simu imebanwa begani, anaongea na dada yake wa Kentucky. *Nimechoka, Orpha. Heri angekwenda siku ileile, tungemlia tukamaliza.* Arlis alikuwa amekaa mezani, futi sita, anasubiri kulishwa maharage.

"Arlis," alisema. "Ile siku naongea na Orpha..."

Arlis akaitikia kwa kichwa kabla hajamaliza. Delphia akajifunika uso kwa mikono yake iliyojaa oili, akalia kwa sauti, hakujali nani yupo. "Nisamehe. Nisamehe, mume wangu. Nilidhani nasema peke yangu." Akahisi mkono ukiondoa mikono yake usoni. Arlis alikuwa anamfuta shavu kwa gumba, na kwa kuwa gumba nalo lilijaa oili, akawa anazidi kumpaka.

Rhonda alitoka hadi mlangoni na simu. Nyumba ya wazee walipokea mlio wa pili. Akajitaja, akasema Jumatatu wasilete gari, nafasi ya Bwana Combs wampe mwingine, na yeye atakwenda hospitali kudai mtaalamu arudi. Karani alikuwa msichana mpole, akaomba amalizie fomu yake.

"Hali ya mgonjwa imebadilika?"

Rhonda akageuka. Baba yake alikuwa anamtazama kutoka mezani, anasikiliza, anasubiri atajibu nini.

"Hapana, dada," alisema. "Haijabadilika hata kidogo."